Sura ya Tisa: Bahasha Namba Moja

Glasi mbili za maji, kila moja na kidonge kimoja ndani, zilikaa juu ya meza ya Sajenti Kahigi tangu saa mbili asubuhi, na ilipofika saa mbili na nusu kidonge cha kushoto kilikuwa kimeporomoka chote, kimebaki ujiuji mweupe chini ya glasi. Cha kulia kilikaa vilevile kama kokoto ya mtoni. Kahigi alikikoroga kwa kijiko. Kikazunguka, kikatua, kikatulia.

Cha kushoto kilitoka kwenye kopo la zahanati ya Omukitembe, hapa hapa Chonyonyo. Cha kulia alipewa na Auleria, mama wa marehemu Placidia, msichana wa miaka kumi na saba aliyekutwa amelala kifudifudi kisimani, maji yenyewe hayafiki hata magotini, ndoo yake imesimama wima ukingoni. Kifafa kilimshika akichota maji. Miaka minne alikuwa anameza dawa, na kwa miaka minne hakuanguka hata siku moja. Wiki sita za mwisho akaanguka mara tano. Ya tano hakuinuka.

Kijiji kilikuwa na jibu kabla udongo wa kaburi haujakauka: Mbonimpa. Ndiye mgawa dawa wa zahanati, na babu yake alitoka Burundi. Huku kwetu hilo la pili hutangulizwa mbele ya la kwanza. Kauza dawa halisi mpakani Murongo, walisema, kawapa watoto wetu chokaa. Leo alikuwa na siku ya kumi na tisa mahabusu, na kesho saa sita mchana jalada lilitakiwa liwe mbele ya mwendesha mashtaka, mjini Kayanga. Likifika kama lilivyo, Mbonimpa anashtakiwa kwa kuua.

Na glasi hizi mbili zingetosha kumfunga, kama isingekuwa karatasi iliyolala chini ya ile ya kulia. Ilitoka maabara. Kahigi alikuwa ameisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Vidonge vya nyumbani kwa marehemu ni dawa halisi. Kipimo kamili. Hakuna chokaa.

Dawa halisi isiyoyeyuka. Kahigi alichukua funguo akaenda mahabusu.

Mbonimpa alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, shati jeupe la kazini limegeuka rangi ya ukuta.

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi ulikuwa wapi?" Kahigi aliuliza.

"Nimeshasema, afande. Sokoni Nkwenda. Kununua mbegu za maharage."

"Bodaboda aliyekubeba anasema alikushusha Murongo."

"Basi Murongo."

"Mara ngapi mwaka huu?"

"Tatu."

"Ulibeba nini?"

"Mara ya kwanza ndizi. Mara ya pili ndizi na sabuni. Ya tatu viatu vya mtoto. Kaka yangu yuko ng'ambo, Uganda, kambini. Anakuja mpaka darajani, tunasalimiana, anarudi."

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Kwa sababu mkisikia Murongo mnasikia magendo. Na mkisikia kaka yuko ng'ambo mnaanza kuuliza mimi nimezaliwa wapi."

"Umezaliwa wapi?"

"Unaona, afande?"

Kahigi aliandika kwenye daftari lake. Mbonimpa alimtazama akiandika.

"Unamjua kaka yangu," alisema. "Mwaka ule wa malori, walipofukuzwa walioitwa wahamiaji. Wewe ulikuwa konstebo bado. Godoro lake lilikuwa linaanguka, ukamsaidia kulipandisha."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

"Siku ile ulipompa Auleria dawa," Kahigi alisema, "ulimpa kwenye nini?"

"Bahasha ya karatasi. Kopo ni la watu wote, afande. Unahesabu, unatia kwenye bahasha, unaandika moja asubuhi, moja jioni."

"Kopo limeandikwa Kiingereza kwamba dawa ikae pakavu. Nimelisoma."

"Ndiyo."

"Ulimwambia?"

Mbonimpa alifikiri. Hakukimbilia kujibu, na hilo Kahigi aliliandika pia. "Nilimwambia azitunze vizuri."

"Vizuri ni wapi?"

"Nilisema vizuri tu."

*

Restuta, dada mkubwa wa Placidia, aliingia kituoni saa nne, kompyuta kaikumbatia ndani ya kanga kwa sababu ya mvua. Alikuwa amesafiri kutoka Dar es Salaam usiku na mchana. Alikuwa mwembamba kuliko siku ya mazishi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Pole na safari, dada. Kaa."

Wiki mbili nyuma, jioni ya matanga, msichana huyu alimfuata Kahigi akamwomba vidonge. Alisema anasoma shahada ya pili ya kemia, na kazi yake ni kuifundisha kompyuta namna molekuli zinavyojipanga ndani ya fuwele, zile chembe ngumu kama za chumvi. Alisema maabara za serikali zinauliza kidonge kina nini, hakuna anayeuliza kimejipangaje. Kahigi alimkatalia. Ndugu wa marehemu hapewi kielelezo. Kisha akalala nalo siku mbili, akatengeneza bahasha tatu zilizofanana, akazipiga lakiri, akaandika namba tu. Alizituma kwa mzee mmoja anayeendesha mashine ya miale chuoni kwao Restuta, akamtaka apime bila kuuliza. Namba moja ilikuwa ya nyumbani kwa Auleria. Namba mbili ya kopo la zahanati. Namba tatu alimwomba mzee Rwegoshora, mgonjwa mwingine wa Omukitembe, aliyepewa dawa siku ileile aliyopewa Auleria, kutoka kopo lilelile, na ambaye huziweka ndani ya kikopo cha ugoro mfukoni. Orodha ya nani ni nani ilikuwa ndani ya kabati la Kahigi, na ufunguo shingoni kwake.

"Mzee ametoa majibu?"

Restuta alitandika karatasi tatu mezani. Kila moja ilikuwa na mstari wenye vilima, virefu na vifupi, kama milima ya kwao ukiitazama alfajiri. "Mashine inapiga miale kwenye unga wa dawa, miale inarudi na vilima hivi. Kila mpango wa fuwele una vilima vyake. Mbili na tatu ni pacha."

Kahigi aliweka ya pili juu ya ya tatu, akazibandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga ulipita. Kilima juu ya kilima. Akaongeza ya kwanza. Haikulala na wenzake hata mahali pamoja.

"Lakini ni dawa ileile," alisema.

"Ileile. Afande, umewahi kupanga kuni?"

"Nimezaliwa wapi mimi, Ulaya?"

"Kuni zilezile. Ukizipanga na nafasi, moto unashika. Ukizibana na ukazilowesha, utapuliza mpaka utoe machozi, na bado utasema ni kuni. Molekuli ndio hizo kuni. Kidonge cha namba mbili kimepangwa na nafasi, tumboni kinaachia. Hiki cha namba moja kimebanana. Kinapita mwilini kama kilivyoingia."

"Mahakamani siwezi kupeleka kuni. Unajuaje?"

Alifungua kompyuta. "Tunaionyesha fuwele maelfu kwa maelfu ambazo watu wamekwisha kuzipima. Inajifunza yenyewe molekuli zikikaa vipi zinatulia, zikikaa vipi zinasukumana. Halafu naipa molekuli ya dawa hii, naiambia, nipangie namna zote unazoweza. Inapanga elfu nyingi, kila mpango inaupa alama. Wa alama ya chini kabisa ndio uliotulia, ndio dawa itakimbilia ikipata nafasi."

"Na huu wa namba moja ulikuwa wa ngapi?"

Restuta alizitazama karatasi dirishani. Mvua ilipiga mabati.

"Haukuwemo," alisema. "Nina orodha tangu mwezi wa tatu. Niliichagua dawa hii kwa sababu ya Placidia. Wote chuoni walichagua dawa za watu wakubwa, mimi nikachukua hii. Mipango mia mbili ya kwanza na haukuwemo. Unajua kwa nini? Fuwele nyingi nilizoifundishia zilikuzwa kwenye maabara za watu, pakavu, kila kitu kimefungwa. Na mimi nikaipangia dawa peke yake, sikuweka maji. Mashine haijawahi kuona jiko la Chonyonyo mwezi wa kumi na moja." Akavuta pumzi. "Baada ya kumzika nilirudi nikaweka maji. Molekuli moja ya dawa, molekuli mbili za maji. Ikafanya kazi siku nne. Huu hapa, wa kwanza juu."

Akatoa karatasi ya nne. Vilima hivi havikupimwa na mtu. Kompyuta ilivichora kutokana na mpango ilioubuni, kabla bahasha za Kahigi hazijafika Dar es Salaam, na tarehe ilikuwa pembeni. Kahigi aliondoa karatasi mbili dirishani, akaacha ya kwanza, akaweka hii juu yake.

Vilima vililaliana kimoja kimoja, hata vile vifupi vya mwisho.

Kahigi alikaa. Alikuwa mtu wa kuhesabu kwa vidole, hakuona aibu. "Dawa ilitoka zahanati ikiwa nzima, Rwegoshora ni shahidi. Imegeukia nyumbani. Marehemu hakuruka kumeza, vilivyobaki nilivihesabu, hakuna hata kimoja kilichozidi. Kwa hiyo alimeza kila siku dawa isiyofanya kazi. Inahitaji nini ili igeuke?"

"Unyevu mwingi. Imefungiwa humo wiki kadhaa."

"Vikiwa kwenye bahasha ya karatasi, juu ya kabati?"

"Hapana. Hewa tu haitoshi."

"Basi viliwekwa ndani ya kitu." Alifungua kabati, akatoa vidonge vilivyobaki, akavimimina kwenye sahani. Ukingoni vilikuwa na rangi ya kahawia hafifu. Akamfungulia daftari lake la siku ya kwanza: neno moja, moshi, na alama ya kuuliza.

Restuta aliinama, akavinusa. Alibaki ameinama muda mrefu kuliko unaohitajika kunusa.

"Siyo moshi, afande," alisema. Akafunga kompyuta polepole, akaizungushia kanga. "Twende nyumbani."

*

Novatus, baba wa marehemu, alikuwa mbele ya nyumba anakata majani makavu ya migomba. Hakuacha kukata pikipiki ilipoingia.

"Huyo mtu wenu bado anakula ugali wa serikali?"

"Bado, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mnamnenepesha. Mtu wa kuja huwa hivyo, unampa kiti anachukua kitanda." Ndipo akamwona Restuta nyuma, na panga likashuka.

Ndani kulitandikwa majani mabichi sakafuni kama siku ya wageni. Auleria aliinuka kuwapokea. Alikuwa bado kajifunga kitambaa cha msiba kichwani. Alimshika Restuta mashavu kwa mikono miwili, akamtazama. Kisha akaingia chumba cha ndani, kwa sababu mgeni hakaribishwi kwa mikono mitupu hata nyumba ikiwa imeanguka.

Alirudi na kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu. Kahigi alipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na bibi yake. Buni zilikuwa na harufu ya mchaichai zilizochemshwa nao. Ilikuwa harufu ileile ya sahani pale kituoni. Aliziinua karibu na mlango penye mwanga. Kwenye maganda meusi kulikuwa na vumbi jeupe, kidogo sana, kama unga uliorushwa na mtu apitaye.

Hakutia mdomoni.

"Mama, kahawa hii unaiweka wapi?"

"Mtungini, mwanangu. Itakaa wapi tena?"

"Nani anatia mkono mtungini?"

Auleria alikaribia kucheka. "Wewe si mtoto wa huku? Mtungi wa kahawa ni wa mama mwenye nyumba. Hata huyo baba Restuta akitaka ananiomba."

"Na dawa za Placidia ulikuwa unaziweka wapi?"

"Humo humo." Alisema bila kusita, kama mtu anayejibu jambo la kumpa sifa. "Wakwe walikuwa wanakuja kumposa kutoka Isingiro. Mara wanakuja wazee, mara mashangazi, wanakunywa pombe ya rubisi, wanakagua kila kona kwa macho. Wakiona dawa ya kifafa, nani ataoa? Zamani tuliziweka dirishani, peupe tu. Safari hii nikasema hapana. Mbonimpa mwenyewe aliniambia nizitunze vizuri. Nyumba hii haina mahali pazuri kupita mtungi. Nikazifunga kwenye nyuzi za mgomba, nikazifukia katikati ya kahawa. Asubuhi namtolea, jioni namtolea. Hata Restuta hakujua."

"Kahawa ilikuwa imekauka?"

"Mvua hizi? Haikukauka vizuri. Nikaitia hivyohivyo, nikafunga mdomo kwa jani isipate panya. Kwa nini unauliza kahawa?"

Kahigi alifungua mdomo. Alikuwa amewahi kuwaambia watu habari mbaya za kila namna, na kila mara kulikuwa na mtu wa kulaumiwa aliyekaa mahali pengine.

"Mimi nitasema," alisema Restuta.

Alipiga magoti kwenye majani mbele ya mama yake, akasema kwa Kinyambo. Hakutaja kompyuta, wala vilima. Kahigi alisikia neno la kuni, neno la maji, neno la mtungi. Alisema taratibu, na aliposema mtungi alishika miguu ya mama yake, kama anayeomba msamaha kwa kosa lake mwenyewe. Akaongeza kwamba yeye alikuwa na orodha, na alisahau maji. Akarudia hilo mara mbili.

Auleria hakupiga yowe. Alitazama kijikapu mkononi mwa Kahigi. Akanyoosha kidole, akagusa lile vumbi jeupe, akaliangalia kwenye ncha ya kidole.

"Kila asubuhi," alisema. "Kwa mkono huu."

Mlangoni panga lilianguka. Novatus alikuwa amesimama pale, hakuna aliyejua tangu lini.

*

Maelezo yaliandikwa kwenye meza ndogo. Kahigi aliandika Kiswahili cha jalada, polepole, kwa herufi za kusimama. Auleria alisema yote tena, hatua kwa hatua, na hakuulizwa mara mbili.

"Nisomee," alisema.

Kahigi alisoma. "Mimi Auleria, mkulima, Mkristo, mkazi wa Chonyonyo, naeleza kwamba vidonge nilivyopewa zahanati vilihifadhiwa nyumbani mahali penye unyevu..."

"Mahali gani?"

"Inatosha, mama. Mwendesha mashtaka ataelewa. Mbonimpa atatoka."

"Mahali gani?"

"Sikutaka jina lako libebe..."

"Andika mtungi." Sauti haikupanda. "Andika mtungi wa kahawa wa Auleria, na andika ni mimi nilitia. Ukiandika mahali, watu watakaa vilabuni watafute hapo mahali, na wataishia mlangoni kwa yule kijana. Nawajua. Siku ya mazishi mimi nilimtemea mate mke wake, na walinishangilia. Mwaka ule wa malori pia walishangilia, nilikuwepo. Andika."

Kahigi alikata mstari, akaandika upya, akaweka saini fupi pembeni ya sahihisho kama sheria inavyotaka. Auleria alisaini jina lake lote, herufi moja moja.

"Kuna kesi juu yangu?"

"Hakuna, mama."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyenyimwa kitu alichokuwa anakihitaji. "Na huko mahabusu wanampa nini kula?"

"Ugali. Maharage yakiwepo."

"Subiri basi. Usiende mikono mitupu."

Alitoka kwenda jikoni. Kahigi alikunja karatasi akaitia ndani ya jalada, akatazama saa. Ilikuwa saa tisa. Mvua ikikata, barabara ya Kayanga ingepitika kabla ya giza, na jalada lingelala kule usiku huu.

Restuta alibaki amekaa kwenye majani, kompyuta mapajani, hajaifungua.

Kupitia mlango wa nyuma Kahigi alimwona Auleria amekaa kwenye kigoda, mkungu wa ndizi mbele yake. Pembeni kulikuwa na visu viwili vya kumenyea, kikubwa chake, na kidogo cha Placidia, chenye mpini uliofungwa utepe wa bluu. Novatus alitoka uani, akasimama juu yake. Mwanamume wa huku hamenyi ndizi, hata akifiwa na mke atakula za kuchoma. Alisimama pale kitambo. Kisha akakaa chini kwenye matope, akachukua kile kidogo cha utepe wa bluu, akaanza.

Alimenya vibaya, ganda nene, nusu ya ndizi inakwenda na ganda. Auleria hakumsahihisha. Yeye alimenya kwa hesabu ya siku zote, ya watu wa nyumba yote, na sufuria ilipojaa aliendelea kumenya.